Ufunguo wa Darasa la Nne B

Huku nako husema wilaya.
Siku niliyoteremshwa kwenye lori, nyuma ya Ibra,
na sanduku la mama, umri miaka kumi na minne,
sikuwa na Kiarabu cha kuombea maji.
Neno hilo tu nililijua.
Nikalishika kama mkono wa mtu.

Mwaka wa tisini na moja hatukupiga kura.
Wazee arubaini walikaa kwenye sabla ya Muhanna bin Zahir,
wakamaliza mabirika sita ya kahawa,
wakaandika majina matatu.
Karatasi ikaenda Maskati.
Likarudi jina moja: Muhanna.
Kahawa niliipika mimi. Ndiyo kura yangu ya kwanza,
ukipenda kuiita hivyo.

Muhanna alituletea lami mpaka msikiti wa chini.
Ikakomea pale, hatua mia mbili kabla ya mtaa wetu,
mtaa wanaouita wa Wazanzibari
hata kwa wale waliotokea Bujumbura.

Akaja Ghalib bin Suweid, vipindi viwili, mtu mpole.
Katika miaka sita aliuliza swali moja barazani,
la mdudu anayekausha mitende.
Akajibiwa kwa barua.
Barua akaitia fremu.

Elfu mbili na tatu ikatoka amri: kila mtu,
mke kwa mume, aliyetimiza ishirini na moja.
Nikakabidhiwa ufunguo kwa kuwa skuli
niliifagia mimi. Wanaume Tano A, wanawake Nne B.
Saa kumi na moja alfajiri nilikwisha fungua,
nikafuta ubaoni hesabu za kugawanya.
Zile za mwisho sikuzifuta vizuri;
tukapiga kura chini ya kumi na saba kwa tatu, baki mbili.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuja Thuweni bin Badar,
ambaye sokoni, miaka yote, hujitia hatuelewi.
Akavua viatu, akakaa mkekani:
"Hamjamboni, jamaa zangu? Mie si mtoto wa Wete?"
Tulicheka hata sahani ya halua ikapinduka.
Tukampa kiti.
Asubuhi ya ushindi akarudi kwenye Kiarabu chake,
na lami haikusogea hata shibiri.

Kisha hesabu ya watu. Wilaya ikivuka elfu thelathini
hupata kiti cha pili. Simu zikapigwa Dubai, Sohari, Abudhabi:
rudini mlale usiku mmoja mhesabiwe.
Nyumba yangu walilala watu kumi na tisa,
mmoja ndani ya gari.
Tukavuka kwa vichwa hamsini na vitatu.
Viti viwili, na ugomvi ukazaa pacha:
cha juu ya falaji, cha chini ya falaji.

Mwaka ule vijana walipokesha kwenye mzunguko wa Sohari,
Zayana binti Shinun akagombea.
Mwalimu wa hesabu. Zile za ubaoni zilikuwa zake.
Alipita nyumba kwa nyumba na daftari,
akiandika nani hana maji, nani anasafishwa damu
na husafiri saa mbili kufuata mashine.
Hakuahidi kitu. Aliandika tu.

Alishindwa kwa kura kumi na moja.
Nawajua.
Wawili nimewazaa mwenyewe.
Mmoja alifungua mlango alfajiri kwa ufunguo huu.

Mtoto wa Ghalib alikuwa ameahidi lami.
Na lami ilikuja, tusimdhulumu. Nyeusi, laini,
inapita mlangoni kwangu, inapita mlangoni kwa Zayana.

Sasa kura iko ndani ya simu. Nne B wameifanya stoo ya viti.
Ufunguo hawakuudai, nami sikuurudisha;
uko msumarini, karibu na kalenda.
Mjukuu wangu Rayya ananishikia simu usoni.
Uso haujatambuliwa.
Tena.
Uso haujatambuliwa.
"Sogea kwenye mwanga, bibi."

Nasogea mlangoni. Ng'ambo ya lami
Zayana anamwagilia mkomamanga wake,
ananipungia mkono wenye maji.
Hajawahi kuniuliza.